Amepotea, ametoweka au amepotezwa?

Hii ishu inanikera muda sasa. Mtu kachukuliwa mchana kweupe majirani wanaona, kesho yake redio inasema "amepotea". Kapoteaje wakati kuna watu wamempakia kwenye gari?

Neno lenyewe, potea, ni ukoo mmoja na potoa, potoka na upotovu, yaani kuacha njia, kwenda upande. Ndo maana mtoto anapotea sokoni, kijana anapotea kimaadili, na hata rafiki asiyepiga simu unamwambia "we umepotea sana". Kote huko mwenye kitendo ni yule yule aliyepotea na kalawama kidogo kanamwangukia yeye. Kutoweka hakuna hiyo, ni kutoonekana tu basi. Ila ukisema kapotezwa, hapo hapo mtu atakuuliza, na nani?

Polisi na wahariri wana hoja yao pia, tusiwaonee. Wapo wanaoondoka wenyewe, kisa madeni, ndoa, wengine akili imeyumba, na ukiandika "katekwa" bila ushahidi unaweza kujikuta mahakamani. Hata "kapotezwa" ni tuhuma, imefupishwa tu.

Sasa chukua la Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi kule Kibiti, Tanzania. Novemba 2017 alimpitia mkewe shambani akamwambia ana safari ya dharura atarudi kesho, akaondoka na watu wasiojulikana kwenye Land Cruiser nyeupe. Mpaka leo inaandikwa "kupotea kwa Azory". Julai 2019 Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, akaiambia BBC kwamba alipotea na akafa, halafu baadaye ikatoka kauli kwamba hakueleweka vizuri. Alipotea, akafa: vitenzi viwili na hakuna hata kimoja chenye mtendaji!

Argentina nako mwaka 1979 Jenerali Videla, mkuu wa serikali ya kijeshi, aliulizwa kuhusu waliotoweka, akajibu kwamba aliyetoweka hayupo, si mfu wala si hai. Jeshi liliwashika watu maelfu kati ya 1976 na 1983, na raia wakaishia kukigeuza kitenzi chenyewe, wakawa wanasema "walimtowesha".

Mi naona kama hakuna aliyeona kitu, sema katoweka. Wakiwepo mashahidi andika alichukuliwa, gari gani, saa ngapi, waliovaa nini. Hapo hujamtuhumu mtu kwa jina, kwa hiyo hata mwanasheria wa gazeti hana cha kukata.