Salamu marufuku: mzozo wa kundi letu la dagaa Kirumba

Mwezi uliopita admini wa kundi letu la WhatsApp alituamsha na tangazo. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia leo, aliandika, kundi hili ni la bei na mizigo tu: salamu, stika, video, sauti na stori za mpira marufuku, na atakayekaidi anatolewa bila kuulizwa. Jua halijapanda vizuri, watu kumi na wawili walikuwa wameshatoka wenyewe. Sisi tuliobaki tunabishana mpaka leo, na mimi naona ubishi huu ni mzito kuliko stika.

Kundi lenyewe ni la wachuuzi wa dagaa wa Kirumba hapa Mwanza, pamoja na mawakala walioko visiwani Ukerewe, Ukara na kambi za mbali zaidi, wenye boti, na madereva kadhaa wa malori. Dagaa wanaoshushwa mwaloni Kirumba, yaani soko la samaki la ufukweni, husafiri mikoa mingi ya nchi hii na kuvuka mpaka hadi Kongo. Maneno ya biashara hiyo zamani yalipigwa palepale, mtu amekaa juu ya gunia akisubiri boti ifunge. Siku hizi yamehamia simuni, na yamekuja na soga zake zote.

Nianze na admini, maana hoja zake si za ubabe. Tuko zaidi ya mia nne. Mmoja akisema "mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na hamsini wakaitikia, bei iliyotumwa saa kumi na mbili imezama, na mwenye haraka hawezi kuipata tena. Kuna mama mmoja wa Igombe ambaye hununua bando la jero, shilingi mia tano, kila siku. Video za ajali na mahubiri zinajipakua zenyewe kwenye simu yake, ikifika saa nne asubuhi bando limekata, na mteja wa Shinyanga akimtafuta hampati. Ndiyo, kuna mahali kwenye mipangilio ya simu pa kuzuia jambo hilo, lakini nani amewahi kumketisha akamwonyesha?

Halafu kuna uzushi. WhatsApp yenyewe iliona tatizo hilo: Januari 2019 ilipunguza idadi ya mazungumzo unayoweza kuyasambazia ujumbe kwa mkupuo hadi matano, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukabanwa hadi mazungumzo moja moja. Breki hizo zinasaidia, ila mwenye uzushi wake na subira atafika tu. Mwaloni, aliyesema uongo alikuwa na sura, na kesho yake ulimkuta. Simuni maneno yanabaki, yanapigwa picha, yanahamishwa. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Admini anaogopa, na mimi simlaumu kwa kuogopa.

Hata hivyo naamini amekata mti mzima kwa sababu ya tawi moja.

Angalia dagaa wenyewe walivyo. Wanavuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, zamani karabai, sasa zaidi taa za sola. Mbalamwezi ikiwa kali mwanga wa taa hauna nguvu, na boti nyingi hupumzika. Wakishavuliwa wanahitaji jua, kwenye mchanga au kwenye vichanja. Mvua ikiwakuta wabichi wanaharibika, na wakipona wengi huishia kuuzwa kama dagaa wa kuku kwa bei ya kutupa. Sasa wakala wa Ukara anaandika asubuhi: "Huku tumeamka na mawingu, hata kuni za chai zimelowa." Hajataja bei wala gunia. Kwa kanuni mpya hiyo ni stori, na anastahili kutolewa. Lakini mchuuzi mzoefu aliyeko Kirumba akisoma hapo anajua mzigo wa kesho kutwa utakuwa mchache, na kama ana magunia makavu stoo hayaachii leo. Tangazo la bei lilikuwa limemwambia habari za jana.

Vivyo hivyo mtu akisema "ziwa limechafuka." Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ni muhimu na tuufuate, lakini mwenye boti anataka pia kusikia kutoka kwa mtu aliyesimama ufukweni kule anakokwenda.

La pili ni uaminifu, na hapa ndipo ninapong'ang'ania zaidi. Biashara hii inakwenda kwa kutuma hela kwa simu kwa watu ambao wengine hatujawahi kuonana nao. Jina lililosajiliwa kwenye laini linakwambia ni nani, halikwambii ni mtu wa namna gani. Hilo unalijua kidogo kidogo kwenye soga: mtoto wake analazwa, mashine ya boti imemsumbua wiki nzima, ni mtu wa Simba na akifungwa hanuni. Hela ikichelewa unajua kama ana shida au anakukwepa.

Mama yangu mkubwa aliwahi kupata ujumbe kutoka kwa wakala wake wa miaka mingi, ukimtaka atume malipo kwenye namba nyingine. Sote tunaufahamu ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii," lakini huu ulitoka kwenye namba ya wakala mwenyewe, na picha yake ipo. Ulianza na "Habari za leo mpendwa." Mama mkubwa akasita. Yule bwana tangu wafahamiane humwambia "mwangaluka mayu," kisha huuliza hali ya mguu wake. Akampigia kwa simu ya kawaida, ndipo alipogundua kuwa WhatsApp ya yule bwana ilikuwa imetekwa baada ya yeye kumpa mtu tarakimu sita za uthibitisho. Namba ya ulaghai ikatumwa 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Salamu hizi anazozifuta admini ndizo zilizookoa hela ya magunia manane.

Kuna lingine tulilokuja kuliona baadaye. Tangu stori zipigwe marufuku, wanaotangaza bei ni wanunuzi wakubwa, na hakuna wa kuwabishia. Zamani mtu akitaja bei ya chini, wenzake walimjia juu: umeinunua wapi, dagaa wa mchanga au wa kichanja, ni leo au juzi? Sasa kuuliza hivyo ni kuleta maneno, na bei ya mmoja inasimama kama bei ya soko.

Kuhusu sauti, nasema wazi kuwa admini amekosea. Zinakula bando kuliko maandishi, ni kweli, na huwezi kuzipitia kwa jicho. Lakini kule kambini kuna wazee na kina mama wenye maneno ya maana kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita ambao kuandika kwao ni kazi. Ukiwazuia kusema, umewatoa bila kuwatoa.

Wenzangu wa upande wa soga nao wana pengo. Wanasema asiyetaka kelele anyamazishe kundi. Kunyamazisha kunazuia mlio tu, hakumrudishii yule mama jero lake. Tena pande zote mbili tumewasahau wenye vitochi, zile simu ndogo zisizo na WhatsApp: waanikaji, wapakiaji, wabeba mizigo. Mazungumzo yalipokuwa mwaloni waliyasikia wakipita, na walijua mapema kama kesho kuna kazi au hakuna. Tulipohamia simuni hatukuwaaga.

Nimemwandikia admini mapendekezo yangu. Mpaka saa nne asubuhi iwe bei na mizigo tu, baada ya hapo watu wazungumze. Vya kusambaza kutoka makundi mengine visiingie saa yoyote. Sauti ziruhusiwe, zisizidi dakika moja. Kiungo cha kujiunga kifutwe, na kila mgeni aingizwe na mwanachama anayemfahamu, kwa sababu sasa hivi namba zetu zote ziko wazi kwa yeyote aliyebonyeza. Na bei ya siku iandikwe kwenye ubao pale mwaloni kwa ajili ya wasio na simu janja.

Amekubali la saa na la kiungo. La sauti na la ubao anataka lizungumzwe Jumamosi, ana kwa ana, Kirumba. Nimemwomba mama mkubwa aje, na aje na waanikaji wawili.