Anayejenga ghorofa si anayenunua Luku

Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uwashwe Februari 2024, habari za kubana matumizi ya umeme zimepoa Dar es Salaam. Mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, si haba. Mtu anayekukumbusha kuzima taa ya kibarazani siku hizi anaonekana kama bado anaishi zama za mgao. Lakini wakaaji wa ghorofani hawajaacha kulalamika, kwa sababu bwawa limejaza gridi, halijajaza pochi. Uniti moja, yaani kilowati moja kwa saa moja, kwa mteja wa kawaida, ukijumlisha kodi na tozo, ni kama shilingi 356. Ukiweka elfu kumi kwenye Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, unapata uniti 28, na mwenye kiyoyozi chumbani anajua hizo zinaishia wapi.

Wapo wanaosema tatizo ni sisi wenyewe: tunaishi ovyo, tunawasha kila kitu, halafu tunamlaumu Tanesco. Wapo wanaosema tatizo ni majengo, na kumhubiria mpangaji ni kumwonea. Wote wana hoja, ila hazina uzito sawa.

Tuanze na hesabu, maana hapo kundi la kwanza lina nguvu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinavuta karibu wati 1,100 kompresa inapofanya kazi. Kwa usiku mmoja uniti tano si ajabu, yaani shilingi 1,780, na kwa mwezi zinavuka 53,000. Panga boi la wati 70 likizunguka saa nane halimalizi hata uniti moja. Mwezi mzima linakula kama shilingi 6,000. Kwa hiyo anayeweka kiyoyozi nyuzi 18 kisha akajifunika blanketi, huyo kweli anachoma pesa. Akipandisha hadi 25 na kuwasha panga boi, atalala vilevile na bili itashuka. Mtazame pia mwenye friji la mtumba ambalo mpira wa mlango umelegea: linanguruma usiku na mchana. Taa za LED sitazijadili, wengi wameshahamia huko.

Lakini kwa nini kiyoyozi kikawa cha lazima? Ingia kwenye ghorofa nyingi mpya za Sinza au Kinondoni uangalie madirisha. Ni ya aluminiamu ya kusukuma, yaani hata ukifungua mpaka mwisho, nusu ya uwazi bado imezibwa na kioo. Yale ya zamani ya vioo vya vipande yalifunguka karibu yote. Vyumba vimepangwa pande mbili za korido, hivyo apatimenti ina madirisha upande mmoja tu na upepo ukiingia hauna pa kutokea. Kibaraza kimemegwa ili sebule iwe kubwa. Ukuta wa magharibi hauna hata ubapa wa zege juu ya dirisha wa kuukinga na jua. Unachomwa alasiri nzima, kisha unaanza kulirudisha joto hilo ndani saa nne usiku, ndipo watoto wanapotakiwa kulala. Haya yote katika mji wenye kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi na kusi miezi ya katikati ya mwaka. Waliojenga ghorofa za zamani za Upanga, zenye vibaraza virefu na kuta za matofali ya matundu, hawakuwa na teknolojia yoyote ya ajabu. Walijua tu jua linatokea wapi na upepo unavuma kutoka wapi.

Kosa hilo halirekebishwi na mpangaji, na hapa ndipo naona hoja ya pili inaishinda ya kwanza. Mwenye jengo anamlipa fundi mara moja, mpangaji ananunua Luku kila wiki kwa miaka yote atakayokaa. Aliyeokoa pesa kwenye dirisha haoni hasara, na anayeiona hasara hana mamlaka juu ya dirisha. Mkataba ni wa mwaka, kodi imeshalipwa miezi sita mbele. Nani atajenga kivuli kwenye nyumba ya mtu? Hata kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kupitia Luku na kwa ghorofa imefika shilingi 7,500 kwa sakafu kwa mwezi, ni deni la mwenye nyumba, lakini anayeingiza tokeni ni mpangaji. Kamwambie baba mwenye nyumba akurudishie, uone.

Tusimwonee naye mwenye nyumba. Atakwambia kuwa wapangaji wenyewe wakija kukagua wanauliza habari za marumaru, jipsamu na maegesho. Hajawahi kukutana na anayeuliza upepo unapita vipi. Atakwambia pia kwamba dirisha kubwa linahitaji nondo zaidi na nyavu zaidi. Na hata likiwepo, litafungwa: mbu, vumbi la barabara, baa ya jirani inayopiga muziki hadi alfajiri. Hili ni kweli kuliko tunavyopenda kukiri. Mtaa wenye kelele haukupi nafasi ya kulala na dirisha wazi, hata jengo liwe zuri namna gani. Ila kivuli juu ya dirisha hakiingizi mbu wala muziki, na nyumba isiyochomwa na jua itahitaji kiyoyozi kwa saa chache kuliko inayochomwa. Gharama ya zege la kivuli wakati wa ujenzi ni ndogo ukilinganisha na marumaru za sebuleni.

Sola nayo inatajwa sana, na kwa ghorofa inatajwa kwa pupa. Paa la mita za mraba 400 likigawanywa kwa familia 40, kila moja inapata mita kumi, na hapo hujatoa nafasi ya simtanki na madishi. Haitoshi kuendesha maisha ya familia. Inatosha, hata hivyo, kwa vitu vya pamoja: pampu ya maji, taa za ngazi, pengine sehemu ya umeme wa lifti. Pampu ndiyo yenye faida kubwa. Ikisukuma maji mchana kwa jua, simtanki la juu linakuwa betri isiyochakaa, na maji yanashuka yenyewe usiku. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawapa wenye apatimenti umoja wao wa kusimamia mali za pamoja, likiwemo paa. Kwa hiyo njia ipo kwa majengo yenye wamiliki wengi. Kwenye jengo la mtu mmoja, tunarudi kwa baba mwenye nyumba.

Limebaki jiko, na hapo kuhesabu uniti peke yake kunapotosha. Familia inayopikia mkaa kibarazani ina Luku ndogo sana, lakini mkaa huo umetoka misitu ya Pwani, Morogoro au Tanga, na moshi unapanda hadi kwa jirani wa juu. Gesi ya mtungi ni safi zaidi ndani ya nyumba, ila inaagizwa kutoka nje. Presha kuka ya umeme inaivisha maharage kwa kama nusu uniti, chini ya shilingi 200. Mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034, na umeme wa Bwawa la Nyerere upo. Kwa mkaaji wa ghorofani, kutunza mazingira kunaweza kumaanisha kutumia uniti nyingi zaidi jikoni na chache zaidi chumbani.

Sasa angalia bei. Mteja mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila uniti ya ziada inapanda zaidi ya mara tatu, na akizoea kuzidi anahamishwa kundi. Mama mwenye friji, televisheni na panga boi tayari yuko karibu na mstari huo. Presha kuka ya kila siku inamvusha, na papo hapo mkaa unaonekana nafuu tena. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya umeme, ikiusogeza mstari huo hata kwa uniti 20 au 30 kwa wanaopikia umeme, itafanya kazi ambayo matangazo ya nishati safi hayajaweza kuifanya.