Mji wa Ziwa la Chumvi na Mji Kasoro Bahari

Sisi wa Morogoro hujivunia kuuita mji wetu "mji kasoro bahari", yaani kila kitu kipo isipokuwa maji ya chumvi. Nilipohamia Salt Lake City, katika jimbo la Utah, nilicheka peke yangu, kwani huku maji ya chumvi yapo tele ilhali bahari yenyewe iko mwendo wa siku nzima kwa gari.

Mji huu umekaa bondeni, mita zipatazo 1,300 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki umesimamiwa na milima ya Wasatch, upande wa magharibi na ile ya Oquirrh, na kaskazini-magharibi liko ziwa lililoupa mji jina. Mito ya Bear, Weber na Jordan huingia ziwani, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke tu na chumvi hubaki.

Wamormoni, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, waliokuwa wakikimbia mateso, walifika hapa Julai 1847, wakiongozwa na Brigham Young, katika nchi ya wenyeji wa asili, yaani Wayute, Washoshone na Wagoshute. Kabla ya kujenga nyumba walichepusha maji ya kijito ili kulainisha udongo wapate kulima, kisha wakapima barabara zenye upana wa mita 40 hivi, ili mkokoteni wa maksai uweze kugeuka. Mpaka leo anwani huhesabiwa kutoka eneo la hekalu lao, kiasi kwamba mgeni akisoma namba ya nyumba anajua yuko umbali gani na katikati ya mji. Kwetu nyumba hutangulia, barabara hufuata, na mwishowe alama nyekundu ya X, ya kubomolewa, hupakwa ukutani. Katika hili sina cha kuwatetea ndugu zangu.

Reli ya kuvuka bara iliunganishwa Promontory, kaskazini mwa hapa, mwaka 1869. Tangu 1906 shaba imechimbwa kwa shimo la wazi huko Bingham Canyon, na shimo hilo sasa lina kina kinachozidi kilomita moja. Siku hizi kuna pia benki, kampuni za programu za kompyuta na watalii wa kuteleza kwenye theluji.

Utajiri wote huo, hata hivyo, unakunywa kutoka kwenye theluji ya Wasatch, na hapo ndipo sifa zangu hupungua. Juu mlimani wenyeji ni wakali kwelikweli: katika baadhi ya mabonde yanayoupa mji maji, mbwa haruhusiwi hata kukanyaga. Chini bondeni, maji yale yale huchepushwa mashambani, sehemu kubwa yakinywesha majani ya kulishia ng'ombe, na mengine humwagiliwa kwenye nyasi za mapambo mbele ya nyumba, jambo ambalo mtu aliyekua akibeba ndoo hawezi kulizoea. Sheria za maji za magharibi humpa haki ya kwanza aliyetangulia kuchota, na asiyetumia haki yake kwa miaka kadhaa huweza kuipoteza. Nani basi angeliachia ziwa kitu? Mwaka 2022 lilishuka hadi kina cha chini kuliko chote kilichowahi kupimwa, na upepo ukivuma juu ya sakafu yake iliyokauka huinua vumbi lenye sumu ya aseniki.

Kwetu kosa ni la kinyume. Milima ya Uluguru huulisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, lakini mkulima wa mteremkoni ndiye anayelaumiwa kwa kukata miti, naye hana shamba jingine. Serikali ya kikoloni ilijaribu kumlazimisha achimbe matuta, na mwaka 1955 Waluguru wakaikatalia kwa ghasia. Mimi ningependa anayefungua bomba Dar es Salaam alipe kiasi kidogo juu ya ankara yake, na fedha hizo zipande mlimani zikamfikie mkulima mkononi, apate sababu ya kuuacha msitu usimame.