Dawa ya kuyeyusha donge la damu: sungura wametufundisha nini, na wapi wametupotosha?

Mwaka 1985 Justin Zivin na wenzake nchini Marekani waliwadunga sungura chembe za damu iliyoganda kwenye mshipa wa shingo unaopeleka damu katika ubongo ili kuiga kiharusi, kisha wakawapa dawa ya kuyeyusha madonge hayo; waliotibiwa mapema walipata madhara machache kuliko wasiotibiwa. Miaka kumi baadaye jaribio la NINDS, taasisi ya Marekani ya magonjwa ya neva na kiharusi, lilionyesha kuwa dawa hiyohiyo, alteplase, ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kiharusi kianze, humpunguzia binadamu ulemavu. Wanaotetea majaribio ya wanyama wana haki ya kujivunia historia hiyo.

Tatizo ni kwamba mifano kama hiyo ni michache mno. Dawa ya NXY-059, iliyokusudiwa kukinga seli za ubongo wakati wa kiharusi, ilifaulu kwa panya, ikafaulu hata kwa nyani, lakini ilipojaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 3,000 haikufua dafu. Panya wa maabara kwa kawaida ni kijana, mzima wa afya, na mshipa wake huzibwa kwa saa iliyopangwa. Mgonjwa anayefikishwa hospitali ya Mulago, Kampala, huenda ana shinikizo la damu lisilotibiwa kwa miaka, naye ameamka alfajiri mkono haunyanyuki, wala nyumbani hakuna ajuaye ulilegea saa ngapi. Tena panya hupewa takriban miligramu 10 kwa kilo, ilhali binadamu hupewa 0.9, kwa kuwa damu ya panya haiiitikii vyema dawa iliyoundwa kwa mfano wa protini ya binadamu. Hapo hatari ya kuvuja damu ubongoni, ambayo katika NINDS iliwapata asilimia 6.4 ya waliotibiwa dhidi ya 0.6 ya wenzao waliopewa dawa bandia, haiwezi kukadiriwa kwa panya peke yake.

Hata hivyo, sioni kwamba dawa ya kasoro hizo ni kufunga maabara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wakiamua kuingia katika uwanja huu, watumie panya wazee wenye shinikizo la damu, wawagawe kwa kura, na anayepima matokeo asijue nani kapewa dawa. Pasipo hayo, ni heri wanyama hao waachwe. Lakini swali linalotubana zaidi Uganda halimo maabara kabisa: alteplase haitolewi kabla picha ya CT, inayoonyesha ndani ya kichwa, haijathibitisha kuwa ubongo hauvuji damu, na hata muda ulioongezwa mwaka 2008 hadi saa 4.5 haumtoshi mtu wa Kisoro akilazimika kusafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Kampala.