Bunduki iliyonukia wali wa nazi

Jamani ngoja niwasimulie hili mwenyewe, maana mama watoto keshalisimulia kwenye kila harusi ya Wabongo hapa Ohio na kila akilisimulia anaongeza chumvi, mara ya mwisho eti nililia. Sikulia mimi. Macho yalikuwa yanawasha.

Mimi mtu wa Tanga, Columbus huu mwaka wa tisa, na kule kwetu bunduki niliyowahi kuiona kwa karibu ni ya mlinzi wa benki, tena kaiegemea kasinzia. Sasa kazini kwetu, tunapakia mizigo ghalani, kuna mshkaji mmoja mzungu kakulia shamba, kila Septemba mosi msimu wa kindi ukifunguliwa yeye ni picha tu, kindi hivi kindi vile, siku nyingine analeta na mchuzi. Akanipanga nikapangika. Nikasoma ile kozi ya uwindaji, nikapata leseni, mwezi wa nane nikaingia duka la rehani kutafuta bunduki ya bei poa. Nikajaza fomu namba 4473, maswali kibao, muuzaji akawasiliana na FBI wamwangalie huyu mtu katokea wapi, na mimi pale kaunta jasho linanitoka kama vile kweli nina jambo nimefanya.

Nikapewa Ruger 10/22, ya kitambo kidogo, kitako kina mikwaruzo. Hii ndo bunduki ambayo Wamarekani wengi sana wamejifunzia utotoni, inatengenezwa tangu 1964, risasi zake zile .22 nyembamba kuliko penseli, magazini inameza 10 na ndani yake kuna kitu kinazunguka kinasogeza risasi moja moja. Ni nusu otomatiki, yaani ukivuta triga inalia moja tu, inatema ganda, inajipakia nyingine yenyewe, inakusubiri.

Aibu ya kwanza ilikuwa palepale dukani. Muuzaji kanionyesha kwamba haina kitu ndani, kavuta nyuma bolti, kile chuma kinachoenda mbele na nyuma kupakia risasi, kaifunga, kanipa niishike, mimi nataka niirudishe mbele, haiendi. Nasukuma, haiendi. Kumbe hizi za zamani kuna kikomeo kidogo mbele ya triga, unaivuta bolti nyuma kidogo huku unakibonyeza, tena ukibonyeza upande siyo ndo kabisa hupati kitu. Mimi nikajifanya natazama mtutu, nikatingisha kichwa kama fundi, nikasema sawa naichukua. Nimeibeba mpaka nyumbani bolti iko wazi.

Nyumbani nikaifungua gereji. Ndani kulikuwa kweusi, masizi, vumbi la risasi na nta iliyochanganyika na uchafu wa miaka, maana hizi .22 ni chafu kwa asili, risasi yenyewe wanaipaka nta. Nikafuta kwa fulana kuukuu mpaka vikang'aa. Sasa ikabaki kupaka mafuta. Mafuta ya bunduki sina, duka liko mbali, halafu akili ikanijia ya nyumbani. Mama yangu mzazi, tangu nina akili zangu, dawa ya kila kitu kwake ni mafuta ya nazi. Mlango unalia, mafuta ya nazi. Cherehani inakaza, mafuta ya nazi. Mtoto ana upele, unajua mwenyewe. Nikaingia jikoni kimyakimya nikachukua chupa ya mama watoto, ile nzuri aliyoletewa kutoka Pangani, nikarudi gereji.

Na sikuweka tone, niliweka kama mtu anayeunga mboga. Nikamimina kwenye bolti, nikamimina kwenye tundu la pini ya kufyatulia, ile inayogonga risasi ilipuke, nikaimwagia na magazini nikaizungusha mpaka ikawa inateleza yenyewe. Agosti ile joto nyuzi 31, mafuta maji kabisa. Kesho yake nikaenda uwanja wa kulengea shabaha, nikavaa vizibo vya masikio na miwani, pa pa pa, risasi 50 bila kukwama hata moja. Na harufu sasa! Bunduki ikipata moto inanukia kama jiko la Ijumaa, jamaa wa meza ya pili akawa anageukageuka anatafuta nani kaja na chakula. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikampigia mama nikamwambia ushauri wako umefanya kazi Marekani.

Mnaotoka pwani mshajua mbele kuna nini. Sisi tuliokua Tanga hatujawahi kuyaona mafuta ya nazi yameganda zaidi ya asubuhi mbili tatu za mwezi wa saba, ukiyaweka juani dakika tano yamerudi. Yanaganda joto likishuka chini ya kama nyuzi 24. Nyuzi 24 Ohio mwezi wa Novemba utazipata wapi, labda bafuni.

Zamu zilinibana mpaka Novemba ndo nikapata Jumamosi. Saa kumi na mbili asubuhi tuko msituni mimi na mshkaji, nyuzi 2, mvuke unatoka mdomoni, nimevaa makoti mawili. Tukakaa chini ya mti kimya. Kindi akatokea, mnene, kakaa juu ya tawi anatafuna kitu, yaani kama kapangwa. Nikainua, nikalenga, nikatoa kizuizi cha usalama, nikavuta triga.

Tik.

Siyo pa. Tik, tena ka-tik kadogo ka mtu anayebonyeza kalamu. Kindi akaacha kutafuna akaniangalia. Nikakumbuka kozi, risasi isipolia usikimbilie kufungua, shikilia mtutu uelekee kule kule uhesabu mpaka 30, isije ikachelewa kulipuka. Nikahesabu. Kindi naye kama anahesabu. Nikavuta bolti, ikaja polepole, jamani, kama mlango wa msikiti unaofungwa na mzee, ikaitoa ile risasi, ikarudi mbele polepole ikasimama kabla haijafika mwisho. Nikaisukuma kwa kidole, nikavuta triga tena. Tik. Kindi akashuka kwa miguu. Nasema kwa miguu, hakuruka wala hakukimbia, kashuka anatembea.

Mshkaji alikuwa kaziba mdomo na kofia.

Jumapili nikaanza ufundi. Kwanza nikalaumu risasi, nikanunua za bei juu, tik vilevile, zikatoka na alama ya pini pembeni ya kitako cha risasi lakini alama hafifu kama zimekwaruzwa na ukucha. Nikasema basi ni magazini. Nikalegeza skrubu ya mbele, ndani kukalia brrrr, spring yote ikajikunjua, vipande vikanimwagikia mapajani na mimi sijaona hata kimoja kilikaa vipi. Nikasema tuiache, twende kwenye bunduki yenyewe. Nikatoa skrubu, nikatoa kitako, zile pini mbili zinazoshika triga zikatoka zenyewe bila kuombwa, nikageuza chuma juu chini na ile pini nene ya nyuma inayozuia bolti isigonge ukuta ikadondoka, ting, ikabingirika chini ya mashine ya kufulia. Nikatafuta na tochi saa nzima. Haipo.

Mama watoto akachungulia. "Baba, umeivunja?"

"Naitengeneza."

Akatazama vipande mezani, akanusa, akaniuliza kwa upole ule wa hatari, "Mbona hapa kunanukia nywele zangu?"

Nikabeba vyote kwenye beseni nikavuka barabara kwa mzee jirani, mstaafu, ana bunduki nyingi kuliko viatu. Akachukua bolti, akaiinamisha, haikutoka hata tone. Akachukua kijiti cha meno akachokonoa tundu la pini, kikatoka na kitu cheupe kizito kama samli. Akakinusa. Akaninusia na mimi. Akaita mkewe aje anuse. "Bwana mdogo," akasema, "hii umeisafisha au umeikaanga?"

Kumbe pini ya kufyatulia ilikuwa inaogelea kwenye mgando, inafika kwenye risasi imechoka haina nguvu ya kugonga. Bolti nayo inabembelezwa na mgando huohuo haiendi mpaka mwisho. Mzee akatumbukiza kila kitu kwenye thina, akasugua kwa mswaki, akanionyesha kile kikucha kinachovuta ganda jinsi masizi yalivyojaa chini yake, akapitisha kamba ya kusafishia ndani ya mtutu kutokea nyuma maana yeye hapendi fimbo, anasema hizi .22 watu wanaziua kwa kuzisugua kuliko kwa kuzipiga. Kisha akaweka mafuta. Tone moja kwenye reli. Moja! Magazini akaiunga akiwa anaongea na simu, akakaza ile spring kwa kuizungusha, kwenye magazini hakuweka mafuta kabisa. Na akanipa pini nyingine ya nyuma kutoka kopo lake, anazo kama njugu.

Tulipoijaribu ikalia vizuri, ila mpaka leo ikipata moto sana kuna kaharufu.

Nikampigia mama Tanga nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Labda hukuyapasha moto kwanza."

Ile pini iliyopotea nimeiona juzi. Binti yangu wa miaka sita kakaa sakafuni anapikia wanasesere wake, kaikamata kwa vidole viwili, anasukumia chapati za udongo. Zilikuwa zimetoka duara kabisa kuliko za mama yake, lakini hilo sikulisema, nikamwachia.