Nyumba ya Ukoo wa Watlingit: Kabla ya Mbao, Hati

Wahifadhi wa majengo husema fedha ziokoe kwanza mbao za kale za nyumba za ukoo za Watlingit, wenyeji asilia wa Alaska nchini Marekani, hata kwa kuzipeleka makumbusho; ni hoja isiyopaswa kupuuzwa. Kusini-mashariki mwa Alaska mvua ni nyingi, na nguzo ya mwerezi iliyochongwa miaka 200 iliyopita ikioza au ikiungua haipatikani tena. Makumbusho yana vyumba vikavu, walinzi na wataalamu. Huko Sitka, mji wa eneo hilo, ambako zamani zilisimama makumi ya nyumba za ukoo, zimebaki chache mno.

Hata hivyo, Watlingit wenyewe hawapimi uhai wa nyumba kwa umri wa mbao zake. Jamii yao ina pande mbili, Kunguru na Tai, kila upande ukiwa na koo zake. Ukoo wa upande wa Kunguru ukihitaji nyumba, hujengewa na watu wa upande wa Tai, ambao hulipwa hadharani katika karamu iitwayo ku.éex', mbele ya mashahidi wa jina la nyumba hiyo. Mbao zikichakaa hujengwa upya kwa jina lile lile, na kwa wenyewe hiyo ni nyumba ile ile.

Linaloniuma zaidi ni urithi. Ukoo hufuata mama, hivyo nyumba hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Sheria ya Marekani ilipoandika hati ya umiliki wa nyumba kwa jina la mtu mmoja, kifo chake kilipeleka mali kwa mke na watoto, ambao kwa desturi ya kuoa upande wa pili ni watu wa ukoo mwingine. Kifo kimoja kilitosha kuuondolea ukoo nyumba yake pasipo mtu kuiba chochote, kila mrithi akiwa na haki kamili mahakamani. Vizazi vikipita, warithi huwa wengi na wametawanyika, hakuna awezaye kuidhinisha ukarabati peke yake, na paa linavuja. Anayeulaumu ukoo kwa uzembe aisome kwanza hati hiyo.

Ni kweli kwamba ukoo nao hugawanyika. Mwaka 1984, nguzo nne na kiwambo cha mbao cha Nyumba ya Nyangumi, nyumba ya ukoo katika kijiji cha Klukwan, viliondolewa ili viuzwe kwa mfanyabiashara wa sanaa, na baadhi ya wanaukoo waliafiki. Lakini kijiji kilikuwa na sheria yake ya 1976 inayokataza jambo hilo bila idhini. Mahakama yake iliamuru virudishwe mwaka 1993, na mwaka uliofuata vikarudi.

Kwa hiyo fedha za uhifadhi zilipie kwanza mawakili wa kuunganisha hati na kuzirejesha kwa koo. Mafundi na wataalamu wa makumbusho wafuate, na ukoo ndio uamue nguzo ipi ibaki ndani ya nyumba na ipi ipelekwe mahali pakavu.