Vanishi

Jumanne ya tarehe 8 Juni 2021, saa saba kasorobo mchana, nilikuwa kwenye steshenari yangu Kirumba, Mwanza, natoa fotokopi. Harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni ilikuwa imeingia mpaka ndani, maana ilikuwa wiki ya giza, mwezi haupo, na wakati wa giza dagaa huvuliwa kwa wingi, hawana bei wala adabu.

Kompyuta namba mbili alikaa Mwalimu, mstaafu wetu, anayesoma gazeti moja la London kila siku Mungu anayojalia.

"Kijana, mtandao wako umekufa."

"Shikamoo, Mwalimu. Haujakufa."

Nikasogea. Ukurasa mweupe, hitilafu namba 503, na chini kabisa neno "Varnish". Mwalimu akafuta miwani, akasoma kwa sauti ya darasani: "Va-ni-shi." Kisha akageuza shingo taratibu kuelekea mlangoni, ambako jirani yangu seremala alikuwa anapaka kitanda cha sita kwa sita.

Nikiri tu. Mimi, fundi mwenye cheti ukutani, kwa sekunde kama tano hivi nilimshuku seremala.

Mwalimu alishatoka. "Wewe! Vanishi yako imezima gazeti la Uingereza!"

Seremala akabaki na brashi inadondosha. "Mwalimu, hii nimeichanganya na tina. Haina nguvu hiyo."

Hapo ndipo ningetulia. 503 ni jibu: seva, yaani kompyuta ya mbali inayotoa kurasa, inakwambia nipo, ila kwa sasa siwezi kukuhudumia. Rauta yangu, kile kidude kinachonipa mtandao, ingekuwa imekufa, hata jibu hilo lisingenifikia. Nalijua hilo, na vijana wawili nimewafundisha. Lakini wateja watano walikuwa wananitazama, na fundi akitazamwa lazima ashike kitu.

Nikazima rauta, nikawasha. 503. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka. 503. Mama muuza dagaa, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho, akauliza, "Mwanangu, umejaribu kuigonga?" Nikaigonga. 503.

Nyuma ya rauta kuna kitundu, kidogo kama tundu la sindano. Nikaazima pini ya mtandio wa yule mama, nikaichomeka, nikabonyeza huku nahesabu mpaka kumi. Taa zikazimika zote. Zikawaka, moja nyekundu, ikabaki hivyo hivyo nyekundu. Ndipo nikakumbuka kwamba kitundu kile hufuta kila kitu, pamoja na nywila niliyopewa na walioniunganishia mtandao. Nywila niliiandika kwenye kikaratasi. Kikaratasi mwanangu alikigeuza mtumbwi, ukaondoka na maji ya masika.

Kumbe gazeti la Mwalimu halikuwa peke yake. CNN, New York Times, hata tovuti ya serikali ya Uingereza, zote zilikuwa zimezima kwa mpigo. Zote zilitegemea kampuni moja ya Marekani inayotunza nakala za kurasa karibu na wasomaji ili zifunguke haraka, na programu ya kutunza nakala hizo ndiyo yenye jina la Varnish. Mteja wao mmoja alibadili mipangilio yake, halali kabisa, akaamsha kosa la programu lililolala kwenye mfumo wa kampuni hiyo tangu katikati ya Mei. Ndani ya dakika 49, asilimia 95 ya mtandao wao ulikuwa umerudi sawa.

Dakika ya 49 mimi nilikuwa na simu sikioni, nasikilizishwa muziki na watu wa nywila.

"Mwalimu, si hili gazeti lako?" Mama wa dagaa alikuwa amelifungua kwenye simu yake kwa bando la mia tano. Mwalimu akalisoma pale pale mlangoni, mama ameshika mtandio kwa mkono maana pini bado nilikuwa nayo mimi. Alipomaliza akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Kijana, wenzako wa London wamepona."

Nywila niliipata kesho yake saa nne. Taa ilipogeuka kijani, seremala akachungulia mlangoni, kopo mkononi.

"Fundi, naruhusiwa kurudia vanishi?"